Mwaka Tuliopunguza Sauti

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nimekata mkonge ndevu hazijaota, nimeuza mitumba stendi ya Same penye upepo wa kung'oa mashati kwenye kamba na kuyavusha barabara kuu, nimenunua lori bovu kwa bei ya baiskeli likanizalia mengine mawili, nimefilisika nikainuka, nikafilisika tena nikainuka tena, na shule yangu ni darasa la nne. Waliosoma nimewaajiri, waliosoma sana nimewakopesha. Kwa hiyo mwezi uliopita, alipoingia mama mmoja kwenye duka langu la vifaa vya ujenzi, amebeba koti zito mkononi kwenye joto lile, sikuinua hata kichwa. Nilikuwa nabishana na dereva aliyeniletea saruji iliyoingia maji. Mama yule alingoja mpaka dereva akaondoka akinung'unika, kisha akasogea kwenye kaunta akasema, "Shikamoo." Neno ambalo naambiwa kutwa nzima, na watoto, na wateja, na hata watu wanaonizidi umri wakitaka mkopo. Jibu lake hutoka lenyewe kama chafya. Siku hiyo halikutoka. Sauti ile nilikuwa sijapata kuisikia hata mara moja, lakini niliijua, kwa sababu ilikuwa na mkwaruzo mdogo mwishoni, kama mlango wa bati unaofungwa taratibu, na mkwaruzo ule nilishiriki kuuzika kule Chome zamani. "Mimi ni Nakundwa," akasema. "Wa Eliamani. Wa kompyuta namba kumi na mbili."

Nitaueleza mwaka ule mmoja tu. Nilikotoka na aliyenizaa havimsaidii mtu. Ulikuwa mwaka wa shida na wa mambo mapya kwa pamoja: mashamba ya mkonge ya huku tambarare yalikuwa yameuzwa au yamelala, ushirika ulikuwa umekufa ukaacha maghala matupu, mahindi yalipanda bei mpaka watu wa mjini wakawa wanapanda mlimani kuomba viazi kwa ndugu waliokuwa wakiwacheka, na wakati huohuo mafundi walikuwa wanasimamisha minara ya simu kwenye vilima. Njaa chini, mnara juu. Wengine walilia, mimi nilinusa biashara. Nikashuka bandarini, nikakuta kompyuta za mtumba kwenye kontena, mwenye mali akataja bei, nikamwambia punguza. Akapunguza. Nikamwambia, "Punguza tena kaka, hizi ni maiti unaniuzia." Akacheka, akapunguza tena. Maisha yangu yote yamejengwa kwa neno hilo. Wengine hufundishwa kusali kabla ya kula. Mimi nilijifundisha kusema punguza kabla ya kununua, na nilikuwa sijawahi kulipa bei ya kwanza ya kitu chochote, iwe kuku, iwe kiwanja, iwe jeneza.

Nilirudi Same na kompyuta kumi na mbili, nikazipanga kwenye ghala la zamani la kahawa kando ya barabara kuu. Chumba kile kilikuwa kirefu na chembamba, sakafu yake bado inanuka magunia, na juu kulikuwa na vidirisha vidogo vilivyoingiza mwanga wa jua kama vipande vya mkate. Nilipaka rangi ya bluu, nikafunga dishi juu ya bati, nikaandika namba kwenye kila mashine kwa rangi nyeupe. Watu walikuja kutazama tu. Na mashine zenyewe zilikuwa zinaumwa virusi. Leo inawaka, kesho inaonyesha mauzauza. Nilikuwa nimeanza kutafuta mtu wa kuzinunua kwangu hata kwa hasara, ndipo mchana mmoja akaingia mzee amevaa koti na tai kwenye jua lile la Same, ana begi la ngozi kwapani.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba," akaitikia kwa sauti yenye mkwaruzo mwishoni. "Hizi ni zako?"

"Zote."

"Zinaumwa."

"Wewe umesomea?"

"Nimesomea, nimefanyia kazi, nimepunguzwa."

Vijana wa siku hizi hawalijui neno lile lilivyokuwa linasemwa. Mtu alisema nimepunguzwa kama anavyosema nimefiwa. Eliamani alikuwa mkubwa wa chumba cha kompyuta katika shirika moja la umma Dar es Salaam, na shirika lilipouzwa, mabosi wapya walitaka majina ya watu wa kuondoka. "Ile karatasi niliichapisha mimi mwenyewe, kwa printa yangu," aliniambia. "Ikafika herufi E, nikajiona natoka. Ikafika mahali pa mpwa wa meneja, mstari ukarukwa." Alirudi Upareni akiwa na begi lile na ahadi ya mafao, akajenga kibanda kwao Chome, akapanga chumba Same ili awe karibu na basi, kwa sababu kila mwezi alikuwa anashuka Dar kuulizia mafao yake.

Hakuwa mtu mnyenyekevu, msije mkadhani. Alikuwa mbishi, anajua kudharau, na alipenda kunikumbusha shule yangu. "Tajiri," aliniambia wiki ile ya kwanza, akiwa amelala chali chini ya meza na nyaya tumboni, "wewe wa darasa la nne ukielezwa mambo haya utaumwa kichwa."

"Darasa la nne langu limenunua kompyuta kumi na mbili," nikamjibu. "Shahada yako imenunua nini?"

"Imenunua dharau hii ninayokudharau nayo."

Tukacheka wote, na tangu siku ile tukawa ndugu. Alifuta mashine zote, akaweka mfumo mwingine wa bure ambao virusi havikuujua, na baada ya muda mfupi ghala langu likawa linajaa. Waombaji kazi, wafanyakazi wa mashambani waliotoka Kigoma na Songea wanaotaka kuwaandikia watu wa kwao, walimu, vijana waliokuja kutazama picha za magari. Mchana Mama Upendo alikuwa anatuletea makande kutoka kibanda chake cha jirani, makande ya Kipare yaliyoiva mpaka maharage yanayeyuka, na chai ya tangawizi kali ya kuchoma masikio. Tulikula palepale mlangoni, na nikiwa natafuna nilisikia maisha ya wilaya nzima yakisomwa kwa mnong'ono nyuma yangu, maana watu wengi walikuwa hawawezi kuandika bila kutamka. "Mpendwa kaka, nikupe pole na majukumu." "Kuhusu maombi ya kazi ya udereva." "Mama bado anakuulizia."

Jumapili nilikuwa nafunga, lakini kuanzia kanisa linapotoka ghala lilikuwa la Eliamani. Alikuwa na binti mmoja tu, Nakundwa. Kwa Chasu, lugha ya Wapare, jina hilo lina maana kwamba amependwa, na kweli alipendwa. Mama yake alikuwa amefariki zamani, naye mwenyewe alikuwa amekwenda nchi ya baridi kuhudumia wazee wa watu. Simu za huko zilikuwa zinakula pesa kama moto, ila Eliamani alikuwa amegundua namna ya kuongea kwa kompyuta, bure, sauti na sauti. Alikaa kwenye namba kumi na mbili, ile ya pembeni, akavaa hedifoni na tai yake ya kanisani, na mimi nikijifanya nafagia nilikuwa nasikia upande mmoja. "Marahaba mwanangu. Umekula? Hicho si chakula, hicho ni majani. Nani? Mwambie baba yako ni Mpare, mahari haipunguzwi." Halafu anacheka, halafu ananyamaza muda mrefu akiwa amefunga macho, anasikiliza. Sauti ya binti sikuisikia kamwe. Niliisoma usoni mwa baba yake.

Basi, mashine zikaanza kuganda. Mtu anaandika, ghafla mshale hauendi, kioo kimetulia kama picha ukutani, huna la kufanya ila kuzima na kila kitu kinapotea. Mwalimu mmoja alipoteza maombi ya kazi aliyoyaandika tangu asubuhi, akasimama katikati ya ghala akaniambia, "Tajiri, hizi si kompyuta, haya ni makabati." Watu wakacheka, na kesho yake hawakuja. Wiki iliyofuata hawakuja tena. Mwenye nyumba akaanza kupita kunisalimia kila asubuhi, na mwenye nyumba akianza kukusalimia ujue mambo yamekaribia. Ghala lile likifungwa, mimi ningerudi kwenye mitumba. Ila Eliamani asingekuwa na pa kurudi.

Alichunguza kwa siku kadhaa, hataki kusemeshwa, hata makande anayaacha yapoe. Kisha akaniita. "Tajiri, kaa. Ndani ya mashine kuna kiini. Kiini ndicho meneja. Chini yake kuna vipande vinaitwa moduli, hao ndio wafanyakazi: kuna wa sauti, wa printa, wa flashi, wa modemu, wa vitu ambavyo hata hatuna. Mashine ikiwaka, kiini kinawaita kazini. Wengine wanakaa tu wanakula kumbukumbu. Lakini mmoja ni mkorofi. Huyu wa sauti hapatani na kadi za zamani zilizomo humu. Wakigombana, meneja anazimia."

"Basi mfukuze."

"Hatufukuzi, Tajiri. Tunapunguza."

Mama Upendo alikuwa anakusanya sahani. "Mnampunguza nani tena jamani? Si mmekwisha kupunguzana nchi nzima?"

"Sauti, mama."

"Basi anza na ya huyu Tajiri."

Ikawa ndilo neno letu. Tumepunguza printa. Tumepunguza modemu. Sauti peke yake ndiyo iliyogoma. Aliiondoa kwenye mashine zote, umeme ukakatika kama kawaida ya Same, uliporudi na sauti ikarudi nao. Akaliweka jina lake kwenye orodha ya wasioitwa. Ikarudi, kwa sababu kulikuwa na moduli nyingine ikiamka inaiita kwa jina, kama ndugu aliyebaki kazini anavyomwingiza mwenzake kwa mlango wa nyuma. Mashine zikaganda tena. Siku ya tatu akaja amenyoa ndevu, akaketi kwenye namba moja, ambayo nyaya zake zilikuwa zinafika kwenye zote, akaandika mstari mmoja mfupi.

"Nimefanya hivi," akasema. "Kiini kikimwita wa sauti, asije. Ataitika mwingine badala yake, mlinzi mmoja ambaye kazi yake ni kusema ndiyo. Basi. Hana kingine anachojua. Kiini kinasikia ndiyo, kinaridhika, kinaendelea na mambo yake. Hakuna aliyekuja, lakini hakuna anayelalamika."

"Kwa nini usikiambie tu kwamba hayupo?"

"Kitapiga kelele. Ukisikia ndiyo, unatulia." Akavua miwani akaifuta kwa tai. "Huyo mlinzi namjua mimi. Yuko getini kwetu Dar. Naenda, namwambia, naitwa Eliamani, nimekuja kuhusu mafao. Ananiambia, ndiyo mzee. Nakaa kwenye benchi mpaka jua linazama. Nikimuuliza tena, ndiyo mzee. Hajawahi kuniambia hapana hata siku moja. Angeniambia hapana ningekuwa nimekwisha kupumzika."

Nikatazama kidole chake kikiwa juu ya kitufe. Akibonyeza, mstari ule utakwenda kwenye mashine zote kwa mara moja. "Namba kumi na mbili iruke," nikamwambia. "Ile iache na sauti yake. Ni ya Jumapili."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Niiruke?"

"Si mashine yangu? Nimesema iruke."

"Tajiri, nimeona mstari mmoja ukirukwa maishani mwangu, ukanitosha. Zikipungua, zinapungua zote." Akabonyeza. Hakukuwa na mlio wala cheche. Mashine zilizimwa zikawashwa, na tangu siku ile haikuganda hata moja. Yule mwalimu alirudi. Mwenye nyumba akaacha kunisalimia. Niseme wazi kwamba nilipata pesa mwaka ule kuliko mtu yeyote mwenye duka upande ule wa barabara, na wenye wivu wapo hai waulizwe.

Jumapili zikawa za kuandika. Nakundwa aliandika Shikamoo baba, na Eliamani, kabla hata hajagusa kitufe, alijibu kwa mdomo, kwa sauti, kwenye ghala tupu, "Marahaba mwanangu." Ndipo aandike. Binti akauliza lini sauti itarudi. Akajibu kwamba mafao yakitoka atanunua kadi mpya isiyogombana na mtu. Nilimwambia, niachie mimi nikanunue. "Wewe?" akasema. "Utampunguza muuzaji mpaka akupe mbovu." Nikacheka. Hedifoni ilibaki imening'inia kwenye msumari kando ya namba kumi na mbili, na mara moja moja nilimwona akiivaa huku anasoma, haina kitu, amefunga macho kama zamani. Sikumuuliza. Kuna vitu mtu haulizi.

Masika yalipoanza alipanda Chome kurekebisha paa la kibanda chake. Gari lilikwama kwenye tope kabla ya kufika, akashuka akatembea kilichobaki, kilima kile chote, na begi lake kwapani. Waliniambia alifika, akala, akasema amechoka, akalala. Hakuamka tena; walisema ni presha. Nilipanda na gari la kwanza. Ukungu wa msitu wa Shengena ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabenchi ya wanaume, hata nikawa naona magoti ya watu lakini nyuso sizioni. Kanisa lilikuwa limetaka kuzika Jumamosi. Dada yake, shangazi wa Nakundwa, mwanamke mkavu aliyejifunga khanga mbili, akasimama mbele ya wazee akasema hapana, mtoto hajaambiwa. Namba ya simu aliyokuwa nayo ilipokelewa na mtu asiyejua Kiswahili. Nakundwa alikuwa amehama chumba, na anwani yake mpya ilikuwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya mashine yangu.

"Wewe ndiye tajiri wa kompyuta?" shangazi akaniuliza.

"Ndimi, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Sikiliza, mwanangu. Msiba hauandikwi. Msiba husemwa, mtu akiwa ameketi, na kuna mkono wa kumshika."

"Mkono sina, shangazi," nikasema mbele ya wote, na kifua nimekitoa nje, "lakini sauti nitaipata. Jumapili atasikia kwa masikio yake. Mimi nikisema kitu kimekwisha." Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mazishi yakasogezwa hadi Jumatatu.

Nikashuka Same, Jumamosi nzima nikatafuta fundi. Wa redio alikaza nyaya akakuna kichwa. Kijana mmoja aliyekuwa anajiita mtaalamu akasema tufute mashine yote tuanze upya. Nikamwambia ukifuta unanifutia mtoto wa mtu, toka. Nikakaa mwenyewe. Kila nilipobonyeza alama ya spika, mashine haikukataa. Haikusema kosa, haikusema haiwezi. Ilitulia tu, kana kwamba kila kitu kimefanyika. Nikaweka hedifoni masikioni nikasikia upepo wa Same nje ya ukuta. Pesa nilikuwa nayo mfukoni, fungu zima, na hapakuwa na mtu wa kumpa.

Jumapili kanisa lilitoka. Namba kumi na mbili ilikuwa inafunguka yenyewe kwa jina la Eliamani, hakuwahi kuifunga. Mama Upendo alikuja akakaa nyuma yangu na kikombe cha chai ambacho hakuna aliyekinywa. Kioo kikang'aa kidogo, na maneno yakatokea.

Shikamoo baba.

Niambieni ninyi mliosoma, mngefanya nini? Nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa nimepanga kuanza na jina langu. Lakini shikamoo haiachwi hewani. Tangu mtoto hajaota meno anafundishwa hivyo; ukiisikia, huna hiari, na kule kuiacha ikae pale kwenye kioo bila jibu, huku mtoto anangoja, niliona ni kama kumtemea mate. Vidole vyangu vikaenda vyenyewe, herufi moja moja. Marahaba.

"Umemjibu?" Mama Upendo akauliza nyuma yangu. Hakujua kusoma, lakini alijua.

Maneno yakamiminika. Kwamba baba, nina habari njema, nimepata kazi ya kudumu. Kwamba tiketi ya Krismasi nimeanza kuilipia. Kwamba usicheke, kuna mtu nataka uongee naye, amejifunza kusema shikamoo, anaisema vibaya. Kwamba baba, leo washa sauti, leo tu, hata ikiganda. Niliyasoma kwa shida, nikitamka, na Mama Upendo alikuwa ameshika bega langu. Ule mkono wa kumshika mtu aliousema shangazi, ulinishika mimi.

Nikaandika: sauti imepunguzwa.

Akaandika, anacheka: nani kaipunguza tena?

Nami nikajibu ukweli, maana swali lilikuwa jepesi na mimi nilikuwa nimeshukuru kupata swali jepesi. Niliandika: aliipunguza baba yako.

Nilipoliona neno lile la mwisho limekaa kwenye kioo, nilijua nimefanya nini. Umeme ulicheza kidogo, ukatulia. Kisha akaandika: wewe ni nani? Nikaandika jina langu. Akaandika: baba yuko wapi? Na hilo, ambalo niliapa mbele ya wazee kwamba atalisikia, nililiandika, kwa kidole kimoja, na kwa makosa ya darasa la nne. Hakulia, maana kioo hakilii. Aliandika kitu kimoja tu: niongeleshe, nisikie mtu wa nyumbani. Nikavaa hedifoni. Nikashika maiki kwa mikono miwili. Nikasema, "Nakundwa, mwanangu, pole. Nakundwa. Pole mama." Nilisema mpaka sauti ikanikauka, na mashine ikawa inanisikiliza kwa adabu yake yote. Ndiyo mzee. Ndiyo mzee. Kisha jina lake likazimika. Jumatatu tulizika. Wazee waliniuliza, "Umemwambia?" Nikasema ndiyo.

Ghala lile nimelifunga zamani, simu za mkononi zilinifungia. Mwezi uliopita nilimkalisha Nakundwa kwenye kiti changu mwenyewe nyuma ya kaunta, vijana wangu wakaleta chai ya tangawizi, na yeye akawa anazungusha kikombe bila kunywa. Ana mvi sasa, kanizidi hata mimi kwa mvi. Alisema amekwenda Chome kuweka jiwe kwenye kaburi, na shangazi alipokuwa hai alikuwa akimwambia kila mara kwamba yule tajiri alimtafuta.

"Nilikungoja," nikamwambia. "Jumapili nyingi. Sauti ilikuwa imerudi."

Akaweka kikombe chini. "Ilirudi?"

"Wiki ileile."

"Mimi niliifunga anwani ile siku ileile," akasema. "Niliogopa nikiifungua, mtu ataitika." Akalikunja koti magotini. "Nilidhani haiwezekani tena. Nilidhani baba alikuwa ameiharibu moja kwa moja. Ilikuwa kazi kubwa, kuirudisha?"

Nikamweleza. Kwamba kesho yake baada ya mazishi nilibeba namba kumi na mbili, nikapanda nayo basi la Moshi, nikailipia kiti chake, ikakaa dirishani kama mtu. Kwamba huko nilimpata kijana mmoja kwenye kichumba cha kutengeneza kompyuta, anatafuna karanga, akaingia ndani ya mashine bila hata kuniuliza paswedi. Kwamba alitafuta kidogo, akaukuta ule mstari mmoja, akacheka akasema, "Nani kaandika hii? Huyu jamaa alikuwa mjanja," akaufuta, akawasha upya, na spika ikatoa mlio mdogo, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuongea. Karanga zilikuwa hazijaisha mkononi mwake. Nikamuuliza bei.

Nakundwa alikuwa ananitazama. "Kiasi gani?"

Kijana alikuwa ametaja bei ya kwanza, kama wanavyotaja wote, akakaa kungoja nibishane naye. Sikumwambia apunguze. Nilimlipa shilingi elfu tatu.